Sikukuu Zisizolipwa

Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, baada ya uji na kabla ya kwenda kuchota maji, Drocella Nyiraneza aliwapanga watoto mlangoni mwake, pale Kibua, akawapima urefu. Mtoto aliegemeza mgongo kwenye mwimo wa mlango bila viatu, Drocella akamwekea kijiti bapa kichwani na kukata alama kwa kisu cha jikoni. Alama zilikuwa zimezidi mpaka mwimo ukaanza kukonda upande mmoja. Hakufanya hivyo kwa ajili ya kumbukumbu. Ada yake ilifuata kimo: mtoto aliye chini ya kiwiko chake alilipiwa nusu, aliyepita kiwiko alilipiwa kamili, kwa sababu mtoto mrefu hula sahani ya mtu mzima na hakuna mzazi anayelikubali jambo hilo kwa maneno matupu. Vyeti vya kuzaliwa hakuna aliyekuwa navyo. Mlango ulitosha.

“Mama, leo niko wa bei gani?” Gentille alimuuliza kila Jumamosi, akiwa amesimama wima, macho mbele.

“Wa bei ya kunisumbua,” Drocella alimjibu, akakata alama.

Watoto walikuwa kumi na mmoja. Wazazi wao walikuwa Omate, wengine ndani ya mashimo wakichimba, wengine juu wakiwauzia wachimbaji bugali, na kutoka Omate hadi Kibua si njia ya kwenda na kurudi siku moja. Drocella alikuwa mjane kutoka upande wa Masisi, mwenye nyumba ya vyumba viwili na shamba la maharage nyuma yake, na watu walimwachia watoto kwa sababu hakupiga wala hakunywa. Masharti waliyaweka wao. Wangelipa siku za masomo tu. Sikukuu hapana, likizo ya Noeli hapana, Pasaka hapana, na vakansi kubwa za Julai na Agosti hapana kabisa. Shule ikifungwa, walisema, kuchunga nako kumefungwa. Ungedhani basi kwamba siku hizo walikuja kuwachukua watoto wao. Hawakuja. Watoto walibaki palepale, wakila maharage ya Drocella bure, siku zaidi ya mia moja kwa mwaka.

Siku zisizolipwa, watoto hawakukua.

Drocella aliligundua hilo mwaka wa pili, kwa sababu ya jino. Jino la mbele la Gentille lilianza kutikisika siku shule ilipofungwa, mwanzoni mwa Julai. Lilitikisika Julai yote na Agosti yote. Gentille alilisukuma kwa ulimi wakati wa kula, alilifunga uzi, halikutoka. Lilianguka lenyewe asubuhi ya siku ya pili ya masomo, Septemba, akiwa anafunga viatu. Drocella akaenda kutazama alama za mlangoni. Za vakansi zilikuwa zimekatwa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka kisu kilikuwa kimechimba tundu. Alikumbuka pia kwamba hakuwakata kucha miezi miwili.

Hakushangaa. Alifurahi hata, na alifurahi kwa uchungu, kama mtu anayeona mizani ya sokoni ikisema kweli mara moja moja. Akilipwa, mtoto anakua. Asipolipwa, anakula tu. Alingoja wazazi washuke mwezi wa kwanza na pesa za muhula, akawaketisha uani na kuwaambia waziwazi.

“Batoto banakula hata siku ya fete,” alisema. “Munilipe siku zote, ao munipatie nusu kwa zile za congé. Kama hamuamini, muone mulango. Vakansi yote habakukomaa ata kidogo.”

Aliyesimama kuutazama mlango ni Magloire Habineza, baba wa mapacha, ambaye aliwasemea wengine kwa sababu alifika kidato cha tano. Alipitisha kidole juu ya alama za watoto wote, polepole, akahesabu kwa midomo. Alipomaliza hakuuliza habari ya pesa.

“Mti ya bariyeri,” alisema, “iko na urefu gani?”

Bariyeri, kizuizi cha njiani, ilikuwa chini kidogo ya nyumba ya Drocella, mahali njia inapovuka kijito: mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya panda mbili, na kibanda pembeni. Shule, kisima na kanisa vyote vilikuwa upande wa pili. Watu wa bariyeri walikuwa na bunduki na daftari, na daftari ndilo lililoogopwa zaidi. Mtu mzima alinunua jeton, kikaratasi chenye muhuri kinachodumu mwezi mmoja, na juu ya jeton alifanya salongo, kazi ya lazima ya kubeba mizigo yao. Mtoto hakudaiwa kitu. Na kwa kuwa na wao hawakuwa na cheti cha mtu yeyote cha kutazama, mtoto alikuwa ni yule anayepita chini ya mti bila kuinama. Kuinama kulikatazwa. Siku paji la uso lilipogusa mti, Evode, mwandishi wa bariyeri, alifungua daftari na kuuliza jina.

Salongo ilisemekana kuwa siku moja kwa juma. Novemba iliyotangulia, Muhawenimana, binti wa Callixte, aligusa mti siku ya Jumatano. Walimpa mfuko hadi Omate, na kutoka Omate wakampa mwingine wa kwenda mbele zaidi. Ilirudi kamba yake ya kubebea, imekunjwa vizuri, na Evode akamwomba Callixte atie sahihi kwamba ameipokea.

Kwa hiyo uani pale kila mzazi alifanya hesabu yake, na hesabu zote zilitoa jibu moja.

“Mama Drocella,” Magloire alisema, “fete hatutalipa. Na si choyo.”

“Na maharage yangu?”

“Utuvumilie.”

Akavumilia, maana angefanya nini? Wazazi walipoondoka, mmoja alibaki. Alikuwa Victorine Uwamwezi, mama wa Gentille, mwanamke mwembamba aliyeuza bugali Omate na ambaye mikono yake ilinuka moshi hata baada ya sabuni. Asubuhi ile alimsindikiza binti yake hadi kisimani, akaona kwa macho yake nafasi iliyobaki kati ya nywele na mti.

“Gentille anabakiza vidole viwili,” alisema. “Nakuomba usikamate pesa yangu. Ata ya siku ya masomo.”

“Atakula nini?”

Victorine alitazama chini. “Sijui. Lakini usikamate.”

Drocella alimpenda Gentille kuliko wengine kumi, na hakujisumbua kulificha jambo hilo. Alirudisha pesa mkononi mwa Victorine na kuukunja mkono ule mwenyewe. Kuanzia Jumatatu ile, Gentille na watoto wanne wengine warefu, ambao wazazi wao nao walirudishiwa pesa, wakawa watoto wa sikukuu kila siku. Walienda shule, walipita chini ya mti, walirudi, walikula, na alama zao mlangoni zikawa tundu.

Haikuwa rahisi kutolipwa. Mwezi wa pili Victorine alituma sambaza, dagaa wa ziwani, zilizokaushwa, kikapu kidogo, kutoka kwa kaka yake wa Shasha. Hakutaja malipo, alisema ni kitoweo. Gentille alikua nusu kidole kwa juma moja, na ikabidi Drocella azigawe sambaza zilizobaki kwa majirani kabla hazijamaliza kazi yake. Pasaka, Victorine alishuka, akamshika Drocella mikono miwili na kumwambia asante, asante sana, Mungu akubariki. Jioni ile kucha za Gentille zilihitaji kukatwa. Baada ya hapo Victorine alipokuja alisimama mbali, akasalimia kwa kifupi kama anayezungumza na mdeni wake, akaondoka. Wote wawili walijua sababu na wote wawili iliwauma.

Gentille mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja ndani ya mwili wa miaka tisa. Darasani walimketisha mbele kabisa na wadogo. Wenzake aliosoma nao darasa la kwanza walikuwa wamekwisha kugusa mti, na wale waliorudi walipita mbele yake bila kusimama. Aliacha kucheza kamba. Lakini bei yake aliendelea kuiuliza.

Mwaka ukapita hivyo, na miezi mitatu ya mwingine. Shamba la Drocella halikutosha. Kila siku ya soko bariyeri ilimkata kopo mbili za maharage katika kila kikapu, na nyumbani kulikuwa na watoto watano wanaokula kamili na kulipa sifuri. Aliuza mbuzi. Alianza kupika mara moja kwa siku, halafu mara moja kwa siku na maji mengi.

Jumatatu ya Pasaka, Evode alipanda hadi nyumbani kwake bila bunduki, akiwa na kalamu tu mfukoni. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye mwandiko mzuri, na aliomba kiti kabla ya kuketi.

“Hawa wako batano hawasongee juu,” alisema. “Nawaona kila siku. Mwaka nzima.”

“Hawalipiwe,” Drocella alisema.

“Eleza vizuri.”

Alimweleza. Mtu akisikia leo atamwita mjinga, lakini katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuketi mbele yake na kumuuliza masharti ya kazi yake. Evode aliuliza kwa upole, mambo ya maana. Vakansi ni siku ngapi? Sikukuu ikiangukia Jumapili inakuwaje? Wazazi wakichelewa kushuka? Drocella alisema yote: maharage, mbuzi, homa za watoto usiku wa Noeli, miaka aliyofanya kazi siku ambazo watu wote walipumzika. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Evode alikwenda kuutazama mlango, akasoma alama kama mtu anayesoma barua, akaandika tarakimu chache kwenye kiganja.

“Iko haki yako,” alisema akiaga. “Kazi inalipwa.”

Drocella alibaki ameketi. Maneno yale alikuwa ameyangoja kwa muda mrefu kiasi kwamba yalimfurahisha kabla hayajamtia hofu. Hofu ilikuja baadaye kidogo, alipokuwa anaosha sahani, na haikuondoka tena.

Tarehe ishirini na nane Aprili, Evode alirudi na watu wawili waliobeba gunia. Alikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Humo aliandika kila sikukuu na kila likizo tangu Drocella aanze kuchunga watoto, pamoja na siku zote za wale watano, na chini yake jumla. Bahasha ya noti ilikuwa juu ya gunia.

“Komanda wa bariyeri analipa fete yote,” alisema. “Na deni ya nyuma. Utie sahihi hapa.”

“Sitake.”

“Ni pesa yako, mama.”

“Sitake,” Drocella alisema, akaweka mikono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Evode hakumlazimisha. Alikunja karatasi, akasema atarudi nayo siku yoyote Drocella atakapokuwa tayari. Bahasha alirudi nayo. Gunia alisema ni zito kulirudisha, akaliacha kando ya mlango.

Lilikaa pale siku tatu. Watoto walilipita kwenda shule na kulipita wakirudi. Siku ya kwanza kulikuwa na mihogo, ya pili kulikuwa na maganda na majani ya maboga. Siku ya tatu ilikuwa tarehe mosi Mei, sikukuu ya wafanyakazi, hakukuwa na shule, na tangu asubuhi kumi na mmoja wale waliketi ukutani bila kucheza. Mapacha wa Magloire walianza kulia kwa sauti moja ndogo isiyokatika. Drocella alisimama, akafungua mdomo wa gunia, akatumbukiza mkono.

Maharage yalikuwa mekundu yenye madoa meupe. Aliyamwaga kiganjani na kuyageuza. Mbegu ile aliileta mwenyewe kutoka Masisi, imefungwa katika pindo la kitenge, na Kibua hapakuwa na mwingine aliyeipanda. Yalikuwa maharage yake. Yalikuwa zile kopo mbilimbili za kila siku ya soko, zimekusanywa, zimerudi nyumbani. Alifikiri sana juu ya jambo hilo, kwa sababu hakuwa mtu wa kukurupuka. Mtu hawezi kulipwa kwa kitu chake mwenyewe. Sahihi hakutia, noti hakugusa. Aliyeibiwa akirudishiwa mali yake hajalipwa mshahara.

Ilikuwa hoja nzuri na mpaka leo hakuna aliyeonyesha kosa lake. Maharage yaliiva saa saba. Watoto walikula mara mbili.

Gentille alianza kukua saa nane kasorobo, akiwa bado analamba kijiko. Jino lilianguka katika sahani, jingine akalitema mkononi. Nywele alizosukwa mwaka uliopita zililegea na kushuka mabegani. Gauni lililofika chini ya magoti likapanda juu ya magoti, halafu mshono wa kwapa ukaachia. Haikuwa haraka wala haikuwa na kelele. Ilikuwa kama kutazama unga wa mandazi ukiumuka. Wale wanne wengine nao walikua, kila mmoja kwa kadiri ya siku zake, na wadogo sita wakaongezeka kidogo tu. Kufikia saa kumi kichwa cha Gentille kilikuwa kidevuni mwa Drocella. Uso ulikuwa uleule, ila mrefu zaidi na wenye aibu.

“Mama,” alisema, “sasa niko wa bei gani?”

Drocella alimfunga kitenge chake mwenyewe, cha kijani, kwa kuwa magauni hayakumwenea tena. Alimkumbatia na kulia, na hakumwambia kwamba analia kwa sababu ya moshi. Kesho yake hakumruhusu kwenda shule. Ilikuwa kazi bure. Evode alipanda saa tatu kuona kile alichokilipia, akiwa na jeton tano za mwezi wa Mei, majina yameandikwa tayari. Aliwasimamisha mmoja mmoja mlangoni, akaweka kijiti kichwani kama alivyoona alama zinavyowekwa, na kwa adabu akaomba kisu.

Siku hiyohiyo watano wale walienda na mizigo. Wanne walirudi Jumamosi, wakaenda tena Jumatatu. Gentille alirudi, akaenda, akarudi, akaenda, na kila mara alikaa zaidi.

Victorine hakuwa na habari. Omate simu hazishiki, na wanaopita na mizigo hawaruhusiwi kuzungumza. Alishuka tarehe ishirini na tisa Juni, mwaka wa shule ukikaribia kwisha, akiwa amefunga katika kanga kitabu cha hadithi ambacho hakikusudiwa kuwa malipo, na alikuwa amekwisha kuamua jinsi atakavyokiacha mahali kana kwamba amekisahau. Katikati ya msitu alikutana na msafara wa wabebaji kumi na wawili waliokuwa wanapanda. Walikuwa wameinama, kamba za mizigo zikiwakata vipaji vya uso, wakitazama visigino vya aliye mbele. Alifanya kama watu wote wanavyofanya: alitoka njiani, akasimama ndani ya majani, akawapa pole kila mmoja aliyepita. Wa tisa alikuwa msichana mrefu mwenye kitenge cha kijani. “Pole ya muzigo, dada,” Victorine alimwambia. Msichana alipunguza mwendo. Mtu mwenye bunduki aliyekuwa nyuma akasema songa, na msichana akasonga.

Alifika Kibua kabla ya saa kumi. Alisimama mbali, kama kawaida yake, akasalimia kwa kifupi.

“Karibia,” Drocella alisema. “Hakuna tena shida. Karibia.”

“Gentille iko wapi?”

“Amebeba muzigo. Tangu mwezi wa tano.” Drocella alimtazama usoni aliposema hivyo. “Amekomaa, Victorine. Walilipa.”

Alimweleza nani alilipa, na kiasi gani, na alimweleza habari ya maharage tangu mkono ulipoingia katika gunia, bila kujitetea. Victorine alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza jambo moja tu.

“Alivaa nini?”

“Kitenge yangu. Ile ya kijani.”

Victorine aliketi chini, palepale kwenye udongo, miguu mbele.

“Nilimupisha njia,” alisema.

Drocella alimletea maji, akakaa naye mpaka watoto walioanza kurudi kutoka kisimani wakafika, sita, wafupi wote. Kesho yake ilikuwa tarehe thelathini Juni, sikukuu ya uhuru, na malipo ya siku hiyo, ya wote sita, Evode alikuwa amekwisha kuyaleta asubuhi ile, kamili.